Namba Kama Ilivyo Hapo Juu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Vyeti. Wakuu wa idara mliokaa mstari wa mbele. Wafanyakazi wenzetu mliosimama koridoni kwa sababu viti vimeishia mstari wa mbele. Afisa Itifaki, uliyetupa dakika kumi na tano na sasa unaangalia saa. Mabibi na mabwana.

Sisi wafanyakazi wa Kitengo cha Kuunganisha Pochi tunakusalimu. Tuko wanne kwa hesabu ya waliomo chumbani. Kwa hesabu nyingine tuko watano, na hesabu hiyo tutaieleza mbele ya safari.

UKARIBISHO

Karibu chumba namba kumi na tisa. Tunajua umefika kwa shida kidogo, maana kibao cha mlangoni bado kinasema STOO YA MASHINE ZA CHAPA, na Afisa Itifaki alikupitisha kwanza chumba cha jenereta. Kitengo hiki kina miaka sita, na leo ndiyo mara ya kwanza Mkurugenzi Mkuu kuingia humu. Tumefurahi, tena tumefurahi kweli. Tumepaka rangi ukuta unaoutazama. Ile mingine mitatu tunaomba usiitazame, isipokuwa mara moja, tutakapokuomba ugeuke upande wa dirisha.

Risala hii imepitiwa na Afisa Itifaki kabla ya kukufikia. Ametuelekeza kwamba kila tulipoandika "kosa" tuandike "changamoto", na kila tulipoandika "kusimamishwa kazi" tuandike "mapumziko". Tumetii. Kwa hiyo ukisikia kwamba mtu fulani alipewa barua ya mapumziko bila kuomba, utajua tunazungumzia nini.

HISTORIA YA KITENGO

Mgeni rasmi, wenzetu wa koridoni wametuuliza kwa miaka sita tunafanya nini humu ndani. Wengine wanaamini tunatengeneza kadi za mwaliko. Tukiruhusiwa, tutaeleza mara moja, ili tusiulizwe tena kwenye foleni ya chai.

Siku hizi taasisi nyingi zinatunza kumbukumbu zake kwenye blokcheni. Hilo ni daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, kila ukurasa ukiwa umefungwa kwa ukurasa uliotangulia kama pingili za mnyororo, hata mtu akitaka kuchana mmoja atavuta wote na atajulikana. Kila daftari la namna hiyo lina mtandao wake. Mwananchi naye ana pochi, yaani programu ndogo kwenye simu anamohifadhi ufunguo wake wa siri na vitu vyake vya thamani, vyeti vikiwemo. Kazi yetu sisi ni kuikutanisha pochi na tovuti. Tumetengeneza zana ambayo tovuti yoyote inaweza kuipachika. Mwananchi anaona kitufe kimeandikwa "Unganisha Pochi", anakibonyeza, na simu yake na tovuti vinafahamiana. Ni hivyo tu. Ukiona inaonekana rahisi, ujue kuna watu wametokwa jasho.

Hapo mwanzo hatukukiita kitufe, tulikiita kifungo. Tuliandika kwenye taarifa yetu ya kwanza kwamba "kila mwananchi atakayetembelea tovuti atapewa kifungo". Mwanasheria wa Mamlaka alikuja mwenyewe hadi hapa, anahema, akauliza ni cha miaka mingapi na kwa sheria ipi. Tangu siku hiyo tunasema kitufe.

Changamoto ya pili ya lugha ilikuwa pochi zenyewe. Mwaka wa kwanza tuliandika kwa stoo kuomba "pochi sita za majaribio". Baada ya miezi miwili mtunza stoo alisukuma mkokoteni hadi mlangoni, akatukabidhi pochi sita za ngozi, za kike, zenye zipu, mbili zikiwa na mkanda wa begani. Tulimweleza kwamba tulimaanisha programu za simu. Akasema, "Ndugu zangu, nyie mmeandika pochi, mimi nimeleta pochi. Sasa mnataka niwaletee nini, roho ya pochi?" Tulijaribu kuzirudisha ikashindikana, kwa kuwa kwenye daftari zilikuwa zimeshapokelewa. Tano tunawekea chaja. Ya sita, ya kahawia, aliichukua Mtunza Orodha wetu kwa matumizi ya kikazi, na tunaomba uikumbuke.

Sasa tumemfikia Mtunza Orodha. Kwenye barua anaitwa hivyo, lakini humu ndani na huko kwa watumiaji wetu anaitwa Mama Orodha.

Zana yetu inakuja na orodha ya mitandao mikubwa inayojulikana na kila pochi. Hiyo haina taabu. Taabu iko kwa ile mitandao midogo ambayo haijulikani: ya hospitali, ya chuo, ya chama cha madereva. Hiyo inabidi uiongeze wewe mwenyewe kwa mkono, na huwezi kuiongeza kwa jina tu. Kila mtandao una namba yake ya utambulisho isiyofanana na ya mwingine, na pochi husoma namba, haisomi jina. Ukiandika jina zuri na namba ya mwenzio, pochi itakwenda kwa mwenzio bila kukuuliza.

Mama Orodha huupokea mtandao mpya kama mama anavyompokea mchumba wa binti yake. Unakaribishwa, unakalishwa, halafu unahojiwa. Unaitwa nani? Namba yako ngapi? Mlango wako uko wapi, na nikibisha nani ataitika? Sarafu yako unaiitaje, na inagawanyika vipande vingapi? Nikitaka kuchungulia mambo yako, nichungulie dirisha gani? Wapo waliokuja na majibu ya kubabaisha wakarudishwa. Kuna mtandao wa chuo kimoja ulirudishwa mara nne, hadi mkuu wa chuo akapiga simu kuuliza kama kuna mtu amemkosea huyu mama. Alimjibu, "Hapana, baba. Ila mlango wenu haufunguki, na mimi siozeshi mtu asiye na mlango." Ule mtandao sasa uko kwenye orodha na haujawahi kumsumbua mtu.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, katika miaka sita tumeongeza mitandao ishirini na sita kwa mtindo huo. Mkunga wa hospitali moja ametuandikia kwamba siku hizi mama haondoki wodini kabla kadi ya chanjo ya mtoto haijaingia kwenye simu yake. Chama cha madereva kinatuambia leseni za kughushi zimekosa soko. Tulipokea pia barua ya mwanachuo aliyepata kazi kwa sababu cheti chake kilisomeka palepale mbele ya mwajiri, na mwisho wa barua ameandika, "Msalimieni huyo aliyeandika orodha." Tulimsalimia.

Afisa Itifaki alishauri pia tuingize hapa, kwenye mafanikio, lile tukio la kuku, kwa sababu idadi ya waliotembelea tovuti siku hiyo ilivunja rekodi. Tumetafakari, tumeona tuliache kwenye changamoto.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, wiki sita zilizopita Mamlaka yetu ilianzisha mtandao wake yenyewe, Mtandao wa Vyeti, na tukaletewa barua ya kutuagiza tuuongeze kwenye zana. Tulifurahi sana. Tulikuwa tumeozesha watoto wa watu ishirini na sita, na sasa zamu ilikuwa ya mtoto wa nyumbani.

Barua ilikuwa fupi na nzuri. Ilitaja jina la mtandao, mlango wake na sarafu yake. Kuhusu namba ya utambulisho ilisema, tunanukuu, "namba ya mtandao ni kama ilivyo hapo juu na kama inavyofafanuliwa kwenye kiambatisho." Kiambatisho hakikuwa kimeambatishwa. Na hapo juu, mgeni rasmi, palikuwa na namba moja tu, nayo ni Kumb. Na. MV/44/07.

Mama Orodha aliitazama barua ile kwa muda mrefu. Akaigeuza nyuma, nyuma hapakuwa na kitu. Akapiga simu masjala. Karani wa masjala akamwambia, "Mama, ya Mkurugenzi hayahojiwi. Kama inasema hapo juu, basi ni hapo juu."

"Lakini hii ina herufi. Namba ya mtandao haina herufi wala mikwaju."

"Basi toa herufi, toa mikwaju. Kitakachobaki ndicho alichokusudia."

Kilichobaki kilikuwa 4407.

Mama hakuridhika. Aliomba kibali cha kuingia chumba cha seva, kwa sababu seva yenyewe ukiiuliza namba yake inakuambia, haijui kuficha. Aliambiwa kibali kinachukua siku ishirini na moja za kazi. Mtandao ulitakiwa uwe hewani baada ya siku tatu. Basi akaandika dokezo. Tunalisoma lote, maana si refu: "Je, namba iliyo hapo juu ni namba ya mtandao, au ni kumbukumbu ya barua? Naomba mwongozo." Dokezo lilipanda ghorofani asubuhi na likashuka mchana. Chini yake palikuwa na neno moja kwa wino wa kijani: "Tekeleza." Na saini.

Mama Orodha akatekeleza.

Hatukujua, na hakuna aliyejua, kwamba namba 4407 ina mwenyewe. Ni ya mtandao wa mchezo unaoitwa Kuku Wangu, ambamo watu wazima wenye akili timamu wanafuga kuku wa kuchorwa. Pochi nyingi zinaufahamu mtandao huo tangu zamani. Kwa hiyo mwananchi alipobonyeza kitufe chetu akitaka Mtandao wa Vyeti, pochi yake ikasoma namba, ikasema moyoni, aa, huyu namjua, ikampeleka bandani.

Kwa siku moja na nusu, mgeni rasmi, aliyetaka cheti cha kuzaliwa alipata kifaranga. Wanandoa wawili waliofungua cheti chao cha ndoa walikuta tetea na jogoo wametazama pande tofauti, wakaanza kuulizana maswali. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuja kuchukua cheti cha utumishi wa miaka thelathini na minane alipewa kuku wa madoa, na amegoma kumrudisha. Anapita dirisha namba mbili, la kuhudumia wananchi, kila wiki kutukumbusha hivyo. Tulipomwambia kwamba lilikuwa kosa, samahani, changamoto, alisema, "Wajukuu zangu, hicho ndicho kitu cha kwanza ofisi hii imenipa siku hiyohiyo nilipoomba. Mniachie kuku wangu."

Siku ya pili ilikuwa ile ya maonyesho katika ukumbi mkubwa. Hatuna haja ya kuieleza kwa urefu, kwa sababu mgeni rasmi ulikuwepo, tena ulikuwa mbele. Ulibonyeza kitufe kuwaonyesha wageni cheti chako cha uteuzi. Ukutani, kwa ukubwa wa mita tatu kwa nne, akatokea jogoo mwenye kofia. Tunakiri kwamba kuna watu walicheka. Sisi hatukucheka siku hiyo. Tulicheka wiki iliyofuata, na tunaomba radhi.

Chai ya maonyesho ilikuwa haijapoa barua mbili zilipotoka kwa mchapaji, ya pili ikiwa bado ya moto. Ya kwanza ilikuwa ya mapumziko ya Mama Orodha. Ya pili ilikuwa waraka kwa kitengo chote, unaoagiza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna badiliko lolote litakaloingia kwenye orodha bila idhini ya funguo mbili: mmoja wa Fundi Mkuu, ambaye ndiye anayesoma risala hii, na mwingine wa Mtunza Orodha. Mwandishi wa waraka wa pili hakuwa amesoma barua ya kwanza, au alikuwa ameisoma akasahau. Funguo hizo ni vidude halisi, vya ukubwa wa kidole gumba, na kila mmoja unafunguka kwa kidole cha mwenyewe tu, tena kwenye mashine ya chumba hiki tu. Tulikabidhiwa kila mtu wake jioni ile, na wa Mama alikabidhiwa pamoja na barua yake ya mapumziko, akasaini vyote viwili kwenye daftari moja.

Kabla hajaondoka alitumia saa yake ya mwisho hivi. Kwanza aliuondoa mtandao wenye namba mbaya, kwa ufunguo wake na wa Fundi Mkuu, kuku wakaacha kutoka. Halafu alikwenda chumba cha seva. Mlango ulikuwa wazi na ndani hakukuwa na mtu, kwa sababu mafundi wote walikuwa wameenda kumtazama jogoo. Akaiuliza seva namba yake. Seva ikamjibu kwa muda usiozidi kupiga chafya. Akaiandika kwenye karatasi, akaja kuipanga vizuri kwenye orodha, na jina, na mlango, na sarafu, na dirisha la kuchungulia, kila kitu mahali pake. Kilichobaki kilikuwa kuidhinisha tu. Hapo ndipo mlinzi alipokuja kumsindikiza.

Alituambia maneno machache akiwa anafunga zipu ya pochi yake. Alisema, "Nimeona haya, wanangu. Si haya ya jogoo. Nimeona haya kwa sababu nilijua kwamba sijui, na bado nikaandika." Mchoraji wetu wa vitufe, ambaye huwa hanyamazi hata akila, alikwenda kusimama uso ukutani. Tulimpenda zaidi siku hiyo kuliko siku zote, na tulikuwa tumempenda tayari.

Mgeni rasmi, tumejiuliza sana changamoto ya Mama Orodha ilikuwa ipi hasa. Aliuliza masjala akajibiwa. Aliomba kibali akaambiwa asubiri. Aliandika dokezo akaelekezwa. Tumetafuta kwa makini na tumeipata moja tu, kwamba alitii. Dokezo lake liko kwenye jalada, folio ya kumi na mbili, na nakala yake iko mezani mbele yako, kwenye bahasha ya kaki, chini ya chupa ya maji. Saini iliyo kwenye dokezo hilo hatukuichunguza. Tumeona tu kwamba ina mkia mrefu mzuri unaopinda kushoto, kama ule wa kwenye barua ya mapumziko.

Afisa Itifaki anatikisa kichwa. Ni kweli, katika nakala aliyoipitisha aya hii haikuwemo. Ilikuwa kwenye kiambatisho, na kiambatisho, kama ilivyo desturi ya ofisi yetu, hakikuambatishwa.

Tangu siku ile ni wiki tano. Katika wiki hizo hakuna kilichoingia kwenye orodha. Mitandao kumi na mmoja inasubiri, ukiwemo wa hospitali ya watoto. Mtandao wetu wenyewe wa Vyeti uko tayari, umeoga, umevaa, umekaa sebuleni, na hakuna wa kuufungulia mlango. Wananchi wamerudi kwenye foleni ya dirisha namba mbili, ambayo jana ilikunja kona ikafika chini ya dirisha hili. Tuliuliza kwa maandishi ni nani ameshika nafasi ya Mtunza Orodha. Tulijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Tuliuliza linashughulikiwa na nani. Tulijibiwa kwamba hilo nalo linashughulikiwa.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tulikuwa na maombi tisa. Tulitaka kibao kipya cha mlangoni, feni, viti viwili, birika lisiloshtua watu kwa umeme, na mengine manne ya namna hiyo. Jana jioni tulikaa tukayafuta manane yote. Feni tutaivumilia. Kibao tumeshakizoea. Tumebaki na ombi moja, na ili ulielewe inabidi tukueleze kitakachotokea dakika tano zijazo.

Kwa mujibu wa ratiba, risala hii ikiisha utafunua kile kitambaa cha zambarau. Chini yake kuna kisanduku chenye kitufe kikubwa chekundu. Utakibonyeza kuuzindua Mtandao wa Vyeti, na watu watapiga makofi. Kitufe hicho ni cha kweli, tumekiunganisha wenyewe. Ukikibonyeza, ufunguo wangu mimi ninayesoma utafanya kazi yake bila tatizo. Halafu hapo ukutani, kwa ukubwa wa mita tatu kwa nne, patatokea maandishi haya: INASUBIRI IDHINI YA PILI. Na yatabaki hapo.

Hatukutaka usikie jambo hili mara ya kwanza kwa kuliona ukutani. Umeshapatwa na ukuta mara moja.

Afisa Itifaki, kwa nia njema, alitushauri tuunganishe kitufe na balbu ya kijani, ukibonyeza iwake, picha zipigwe, wageni wanywe soda, mengine tutajua kesho. Tulikataa. Si kwa ubishi. Picha zitapigwa, lakini kesho asubuhi kuna mama atakayebonyeza simu yake akitafuta cheti cha mtoto wake, na balbu haitamsaidia. Mama Orodha alitufundisha kwamba kitufe kisichofanya kinachosema ni uongo wenye rangi.

Kwa hiyo ombi letu ni ufunguo wa pili. Hauko mbali. Hauhitaji zabuni wala kikao. Uko hatua sitini kutoka kwenye kiti ulichokalia, ndani ya pochi. Si pochi ya simu, mgeni rasmi. Ni pochi ya ngozi, ya kahawia, yenye zipu, ile ya sita ya mtunza stoo.

Sasa tunakuomba ugeuke upande wa dirisha.

Yule aliyekaa kwenye kigoda nje ya geti, mwenye gauni la bluu na mwavuli, ndiye Mama Orodha. Kigoda ni cha mlinzi. Barua yake ya mapumziko inamtaka aripoti kila siku ya kazi saa mbili asubuhi na asivuke geti, na yeye, kama tulivyosema, anatii. Amefika siku zote ishirini na tano, hajachelewa hata moja, jambo ambalo sisi wenye ruhusa ya kuvuka hatuwezi kulisema. Hana daftari lingine la kusaini, kwa hiyo mlinzi humpa la wageni. Tulikwenda kuliangalia. Penye "Anakoenda", kila siku, ameandika "Kwetu". Penye "Sababu", ameandika "Kazi". Mlinzi analalamika. Anasema, "Huyu mama atanimalizia daftari, na mimi sina moyo wa kumwambia aandike kwa kifupi." Watumiaji wetu wameshajua alipo. Wiki iliyopita fundi wa ile hospitali ya watoto alikuja na kompyuta yake, akaishika juu ya magoti upande wa nje wa uzio, na Mama akamhoji kuhusu mtandao wake kwa saa mbili juani. Alimrudisha. Mlango ulikuwa haufunguki.

Leo amevaa gauni lile kwa sababu anajua ni siku ya sherehe. Alilishona kwa ajili ya siku hii tangu ile barua ya kutuagiza tuuongeze mtandao ilipofika, kabla ya kuku. Kiti chake ni hicho kitupu kilicho nyuma yako. Afisa Itifaki alitaka kukitoa ili akae mkuu wa idara ya usafirishaji, tukamwambia kimevunjika. Hakijavunjika.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, hatukukuita hapa kukushitaki. Barua zinaandikwa nyingi, viambatisho vinasahaulika, na mtu mwenye mafaili mia mezani akiulizwa swali refu hujibu neno fupi. Sisi wenyewe tuliwahi kuagiza pochi tukapata pochi. Tunachosema ni kwamba Mama aliuliza, na anayeuliza hafai kukaa nje ya geti.

Kazi yetu ni kuunganisha minyororo na watu. Tumeshaunganisha ishirini na sita. Mmoja ndio umetushinda. Ni ule uliozungushwa kwenye geti, wa chuma, wenye kutu kidogo na kufuli. Hauna namba ya utambulisho, hauna mlango wa kubisha, na zana yetu haiufahamu. Mlinzi anasema ataufungua kwa neno moja tu kutoka kwako. Neno hilo tunajua unalo, kwa sababu tuliwahi kulipata kwa wino wa kijani. Lina herufi nane. Tunakuomba ulitamke tena leo, hapo dirishani, kwa sauti ya kumfikia mlinzi.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akurefushie mkono wa kusaini na akupunguzie haraka yake. Aubariki mkono utakaobonyeza kitufe na mkono utakaofungua kufuli. Awalinde wakuu wa idara, awape viti walio koridoni, na amtunze yule mwalimu mstaafu pamoja na kuku wake.

Ni sisi, wafanyakazi wa Kitengo cha Kuunganisha Pochi: wanne tuliomo ndani, na mmoja aliyesimama sasa hivi kutoka kwenye kigoda, kwa sababu ameona umegeuka.